Chelewa Hahami

Machi 3

Mwanangu kaniambia niandike. "Mama, kila siku ukicheza, andika ulichofanya na ulivyojisikia, hata mstari mmoja, halafu unanisomea kwenye simu." Basi naandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba ila unasomeka, na mtoto niliyemshika mkono nikamfundisha herufi kwa mwandiko huu huu, leo anatengeneza gemu itakayochezwa na watu wa nchi ambazo mimi hata bendera zao sizijui.

Gemu yenyewe ni ya bustani ya wanyama. Unajenga maboma, unaweka wanyama, unawalisha, wageni wanakuja kuwatazama. Kule kazini kwao kila mtu ana sehemu yake. Yuko anayechora miti, yuko anayetia sauti za ndege. Mwanangu kapewa uzazi: nani akutane na nani, mimba ikae muda gani, mtoto azaliweje na arithi nini. Bila yeye bustani nzima ingebaki na vikongwe.

Nilipomweleza Chiriku, tunayepiga naye pasi hapa kwa dobi, alicheka mpaka akaunguza kola ya mtu.

"Yaani shule yote ile, kumbe ulikuwa unasomesha mkunga wa twiga?"

"Mkunga mkuu," nikamjibu.

Tangu hapo ananiita Mama Mkunga. Anadhani ananikomoa.

Mvua imeanza jioni. Shuka za nyumba ya wageni tumeziingiza ndani mbichi.

Machi 6

Twiga wangu wamezaa. Nilibandika maji ya chai, nikabonyeza dume na jike wakae boma moja. Maji hayajachemka, mtoto huyo. Nikabonyeza tena, wa pili huyo. Mpaka namaliza chai nina twiga tisa, na yupi mama yupi mwana sijui.

Jioni nikamsomea mwanangu nilichoandika pembeni: "Wamezaliwa wengi. Sijasikia kitu."

Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mama, maneno hayo kesho nayapeleka kwa bosi yalivyo."

Akanieleza. Twiga wa kweli hubeba mimba miezi kumi na mitano. "Nikiiweka kamili, mchezaji atakuwa ameshauza simu. Nikiweka dakika tatu, hao tena si twiga, ni kuku wa kisasa." Bosi wake anataka dakika tatu, anasema watu hawana subira. Yeye anataka mtu angoje, kwa sababu kisichongojwa hakipendwi. Sijui neno hilo kalitoa kwa nani. Kwangu, kwa nani tena.

Nikamuuliza anakuja lini. Mvua za mwaka jana alisema anakuja, akakwama.

"Uzazi huu ukikubaliwa tu, Mama, napewa ruhusa. Mvua hizi hazikatiki sijafika."

Godoro lake nimelisimamisha dirishani lipate hewa.

Machi 9

Mvua. Sare za wanafunzi zimekaa kambani hazikauki, zinanuka kama mbwa aliyeogeshwa kwa nguvu.

Machi 12

Kaniletea gemu mpya kwenye simu. Sasa mimba ya twiga inachukua wiki nzima ya kweli. Bosi kampa nafasi: watu waijaribu msimu huu, wakiendelea kucheza, uzazi utabaki anavyotaka mwanangu. Wakikimbia, zinarudi dakika tatu, na ruhusa yake tena isahaulike.

Akaniomba nimtafutie watu. Nimepata kumi, Chiriku na wateja tisa wa dobi, na mimi wa kumi na moja. Nilikuwa naipachika gemu kwenye simu zao huku nawakunjia mashati. Hakuna aliyethubutu kukataa, mashati yao ninayo mimi.

Mzee wangu hakutaka. Yeye anashona viatu barazani kwetu, na mvua ikinyesha mimi nalia, yeye anatabasamu, maana ndipo soli za watu zinapofunguka. Nilimwonyesha twiga mwenye mimba. Akamwangalia kwa juu ya miwani.

"Huyo anaendelea vizuri," akasema.

Ndivyo anavyosema juu ya kila kitu. Kiatu, mtoto wake, hata mimi mwaka ule nilipolazwa.

Machi 15

Nimefungua simu kumtazama twiga kabla hata ya kunawa uso. Tumbo limeshuka kidogo. Au ni macho yangu.

Machi 19

Kazaa.

Nilikuwa chumba cha kuanikia. Jiko la mkaa liko katikati ili shuka zipate joto, moshi umejaa, machozi yananitoka, simu ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia. Nikatupa beseni. Chiriku akaja na pasi mkononi, na mwalimu aliyefuata koti lake akaja nyuma yake, tukakusanyika watatu juu ya kioo kidogo kama watu wanaoota moto.

Miguu ya mbele ilitangulia. Halafu pua. Halafu ikakaa hivyo, mama yake anatembea nayo inaning'inia, wala hana habari. Mwalimu akasema, "Hii imekwama." Nikamwambia asubiri. Mara mtoto mzima akaporomoka. Twiga huzaa amesimama, kwa hiyo mtoto anaanza dunia kwa kuanguka kutoka kimo cha mlango.

"Kafa," akasema Chiriku.

"Subiri, we."

Alilala pale kama nguo mbichi iliyodondoka kambani. Vipembe vyake vimelazwa kichwani. Kisha mguu mmoja ukasimama, wa pili ukateleza, akala mweleka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Hatimaye akasimama, miguu yote minne inatetemeka na kila mmoja unaelekea kwake. Mwalimu akapiga makofi. Chiriku alikuwa anajifuta macho, akasema ni moshi.

Ni jike. Nimempa jina Chelewa, kwa jinsi alivyotuweka.

"Chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako," akasema Chiriku. Nikamwambia akapige pasi.

Jioni mwanangu akapiga. "Alianguka vizuri, Mama?"

"Alianguka kama ulivyoanguka wewe ngazi za zahanati. Akaamka akatafuta ziwa."

Akaniambia bosi alitaka ule mwanguko utolewe, eti unatisha. Yeye akakataa, kwa kuwa ndivyo wanavyozaliwa. Nikamwuliza huyo bosi kazaliwa vipi, kwa kuteremshwa na kamba?

Machi 24

Vipembe vya Chelewa vimesimama. Nimewaonyesha wateja wote, hata wasiocheza.

Machi 27

Chiriku kaniuliza, huku anarushia maji kwenye suruali: "Huyo mkunga wako akija, anakuja kutembea au anarudi?"

"Anarudi."

Sijamuuliza mwenyewe. Mtu haulizi mtoto wake kama anarudi kwao.

Aprili 2

Leo simu imeandika: *Chelewa amekomaa. Mtafutie bustani nyingine.* Chini yake kuna kitufe cha kijani, *Mhamishe*.

Nimeifunga simu.

Aprili 3

Nimempigia mwanangu kushitaki.

"Ndivyo inavyokuwa kweli, Mama. Akibaki hapo baba yake atampanda. Damu inakaribiana, watoto wanazaliwa dhaifu. Bustani za kweli zinabadilishana, huyu anakwenda kule, wa kule anakuja huku."

"Basi mhamishe baba yake."

"Mama yake abaki na nani?"

"Na mwanawe."

"Mama."

"Namjengea boma lake peke yake. Mbao ninazo."

Akashusha pumzi. "Jenga, uone."

Nimejenga. Nimempandia na mti.

Aprili 5

Chelewa hali. Simu inasema twiga mmoja si kundi. Nimemrudisha kwa wazazi wake, akala hapo hapo. Nikajiambia mambo mengine ni ya kitabuni tu.

Aprili 8

Mvua usiku na mchana. Mzee ana foleni ya viatu mpaka kwenye ngazi.

Aprili 13

Chelewa kazaa. Sikutaka kumwita mtu.

Mtoto akaanguka vizuri kama mama yake. Nikangoja. Akasimamisha mguu mmoja, ukarudi chini. Akajaribu, nikahesabu mara nne, baada ya hapo hakujaribu tena. Chelewa alikuwa anamsukuma na pua. Wageni wa bustani walikuwa wanapita na puto zao. Nilipiga pasi shati moja kwa muda mrefu mpaka likang'aa vibaya, nilipotazama tena boma lilikuwa na twiga watatu wakubwa na hakuna mdogo.

Nilimpigia mwanangu kwa hasira. "Wewe ndiye uliyeliweka hili."

"Mimi ndiye."

"Mtu anacheza apumzike, unamletea msiba."

"Na bosi kasema hivyo hivyo." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akanieleza kwamba si mimi peke yangu. Karibu watu wote wa majaribio wanagoma kuhamisha. Wanang'ang'ania watoto, damu inakaribiana, vinazaliwa vitoto visivyosimama, mtu anaifuta gemu kwenye simu. Bosi anataka uondolewe uhamisho wote na habari ya damu yote, wanyama wazaane tu baba na binti mpaka dunia iishe, watu wafurahi. "Ningekuwa na watu wanaohamisha, Mama, ningemwonyesha kwamba inawezekana. Ninao wachache mno."

"Na ruhusa yako?"

"Ruhusa iko humo humo."

Kwa hiyo anayemzuia mwanangu njiani ni mimi na twiga wangu.

Aprili 16

Nimepata dawa.

Nimezunguka kwa watu wangu wote kumi. Wengine niliwapata hapa hapa dobi, wengine niliwafuata makwao na mwavuli wa Mzee ulioinama ubavu mmoja. Agizo ni moja: leo, chai ya saa nane ikimiminwa, kila mtu abonyeze *Mhamishe*. Wanyama wote. Bosi anataka watu wanaohamisha, atawapata.

Mwalimu aliuliza, "Hata wasiokomaa?"

"Hata wao. Watakomaa huko mbele."

Saa nane tulikuwa tunabonyeza kama watu wanaochambua mchele. Nyota zinaanguka kwenye simu, *Hongera*, *Hongera*. Chiriku alikolea. "Mama Mkunga, nimemfukuza hata mamba. Masikini alikuwa ndiyo kwanza anataga mayai."

Nimewahamisha baba yake Chelewa, mama yake, pundamilia wote, na yule nyani mwenye dharau.

Usiku huu nitalala usingizi mzuri. Sijalala hivyo tangu mvua zianze.

Aprili 18

Amepiga asubuhi, saa ambayo huwa yuko kazini.

"Mama. Juzi saa nane mchana ulifanya nini?"

"Nimekusaidia."

"Bustani kumi na moja zimetolewa wanyama ndani ya dakika ishirini. Bosi kaniita mbele ya watu wote akaniuliza kama kumeingia ugonjwa. Halafu wakaangalia, wote kumi na moja wanatoka mtaa mmoja. Mtaa wetu, Mama."

Nikasema wanakuja hapa kufua, wangetoka wapi.

Hakucheka. Akaniambia watu wangu wote wametolewa kwenye majaribio na mimi pamoja nao. Gemu ibaki kwenye simu zetu tukitaka, ila haihesabiwi tena. Wanaanza upya na watu wengine. Ruhusa yake nayo haipo, mpaka hapo watakapoona.

"Mimi nilitaka uje," nikasema.

"Najua ulichotaka." Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, wanacheka jambo lao. "Ila nimeona kitu kimoja. Bustani kumi ni tupu kabisa. Ya kwako imebaki na twiga mmoja."

Nilikunja tena khanga iliyokwisha kukunjwa.

"Umewafanya wenzako wahamishe mpaka mayai ya mamba. Kwa nini hukumhamisha Chelewa?"

Hapo nikapandisha. Nilimwambia: "Kwa sababu nikibonyeza inaanguka nyota, inaandikwa hongera, na boma ni tupu. Basi. Kafika hajafika, kala hajala, hakuna mtu anayesema. Unataka watu wafurahie nyota? Wewe ulipopanda lile basi nilikaa siku tatu sijasikia sauti yako. Baba yako siku zote tatu alishona kiatu kimoja, anashona, anafumua, anashona. Hakuna aliyetupa hongera."

"Mama, niliibiwa simu stendi. Nilikueleza."

"Ulinieleza. Sikulaumu. Nimekujibu ulichouliza."

Akasema ana kikao.

Aprili 19

Mvua.

Aprili 22

Mvua. Shuka za nyumba ya wageni zimeota madoa meusi, imebidi tuzirudie kwa maji ya moto. Chiriku hajanitania kwa lolote leo. Ni vibaya zaidi.

Aprili 26

Hajapiga. Mimi nami sijapiga. Ukaidi wake kaurithi, na si kwa baba yake.

Mei 3

Tangu ule ugomvi sijaifungua gemu. Nilijua Chelewa atakuwa amekufa njaa, na sikutaka kuliona.

Leo nimeamka mapema kuwasha jiko, nikamkuta Mzee barazani na simu yangu, kaiweka juu ya kiti cha kushonea kati ya kiatu na gundi. Anabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anapiga msumari.

"Unafanya nini?"

"Namlisha huyu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha." Akasogeza miwani. "Alikuwa hali. Hapendi zile nyasi kavu. Anapenda majani ya juu. Lazima uyafunge juu."

Nikaketi. Chelewa alikuwa amenenepa. Boma limesafishwa. Mzee alikuwa kamrudisha kwenye lile boma lenye mti niliompandia, na mti ulikuwa umebaki shina tu, kautafuna wote.

"Anaendelea vizuri," nikasema mimi, kwa kumwahi.

"Hapana," akasema Mzee. "Anakula tu. Siku nzima anasimama pale pale."

Miaka yote niliyoishi naye sijamsikia akisema hapana kwa jambo hilo.

Mei 4

Nimepiga mimi. Hakupokea. Baadaye akaandika: *Niko salama Mama. Kazi nyingi. Shikamoo, msalimie Baba.*

Mei 10

Kaleta gemu mpya, pamoja na sauti yake. "Mama, hii haihesabiwi na mtu. Cheza tu." Hakueleza zaidi.

Nilimwita Mzee. Tukakaa barazani, mvua imepungua, inadondoka ya paa tu. Kile kitufe cha kijani kiko pale pale.

"Bonyeza wewe," nikamwambia.

"Mtoto wako."

"Wewe ndiye uliyemlisha."

Tukabishana hivyo mpaka mteja akaja kuchukua kiatu chake, akaangalia, akasema, "Si mbonyeze tu." Nikabonyeza.

Nyota haikuanguka. Lilikuja gari lenye paa refu, Chelewa akaingia kinyumenyume, shingo ikaonekana inatoka juu, gari likaenda taratibu mpaka likapita ukingo wa kioo. Boma likabaki na alama za kwato.

Mei 11

Asubuhi simu ililia. Imeandikwa: *Chelewa amefika. Hajala.*

Mimi nami sikula. Chiriku akaniambia nina wazimu, kisha akarudi mara mbili kuniuliza kama kala.

Mei 12

*Amekula kidogo. Amesimama kwenye uzio, upande alikotokea.*

Nimeusoma mara nyingi. Nimemsomea Mzee. Nimemsomea mwalimu aliyeleta mapazia. Kakaa pale na mapazia yake mkononi.

Mei 14

*Amesogea kwa wenzake.*

Nimekula wali sahani mbili.

Mei 18

Mwanangu kapiga, na sauti yake ni ile ya zamani.

Watu wapya wa majaribio wanahamisha. Si wote, ila wengi, na wakihamisha hawaondoki kwenye gemu, wanarudi kila asubuhi kutafuta habari. Bosi kakubali uzazi wote kama ulivyo: wiki ya kungoja, mwanguko, damu, na gari lenye paa refu. Alitaka tu ule mstari wa uzio utolewe, kwa kuwa unawatia watu huzuni.

"Ukasemaje?"

"Nikasema nautoa siku mama yangu atakaponiambia niutoe."

Nilimwambia asubiri hapo, nikaenda kumtangazia Chiriku, nikarudi.

"Akataka kitu kingine," akaendelea. "Kitufe cha kurudisha. Ukimkumbuka mnyama wako, unabonyeza, anarudi bomani."

"Si jambo jema hilo?"

"Nimekataa, Mama. Kule ameshapata kundi. Umrudishe aje kusimama wapi?"

Niliitazama mvua ya paa inavyojaza ndoo. Niliona kwamba swali langu la miezi yote liko kinywani, na safari hii halirudi.

"Na wewe?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. Nilimshukuru kwa hilo.

"Wameniongezea mkataba. Miaka mitatu. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukuambia."

"Si ndiyo hii. Mvua imepungua."

"Nakuja mwezi wa sita, nimepewa wiki. Mama, unalia?"

"Ni moshi," nikamwambia. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mei 19

Nimemwambia Chiriku, "Anakuja kutembea."

Nilikuwa tayari kwa maneno yake. Alishika ncha za pili za shuka niliyokuwa naikunja, tukaikunja pamoja, tukaja mbele, tukarudi nyuma, mpaka ikawa ndogo.

Mei 28

Jua. Kamba zote zimejaa, hata ya uani kwa jirani tumeazima. Shati linakauka kabla hujamaliza kulibana.

Juni 4

Kafika. Nampikia, nitaandika kesho.

Juni 8

Sijaandika kwa sababu yupo. Siku mbili za kwanza alilala tu, na mimi nilipita mlangoni kwake na visingizio, mara nafuata fagio, mara nafuata nilipoweka fagio. Siku ya tatu nilimpeleka dobi akasalimu watu. Nilimtembeza kwa kila aliyekuwa na nguo pale na wawili wasiokuwa nazo. Chiriku alimkumbatia, akamwambia, "Mkunga, mamba wangu yuko wapi?" Mwanangu akatoa simu akamwonyesha. Yule mamba kapata bwawa, mayai yameanguliwa. Chiriku kapiga vigelegele mpaka mteja kaangusha vibanio.

Jana tuko mezani simu yangu ikalia: *Chelewa ana mimba.* Nilimkazia macho mwanangu.

"Si mimi," akasema. "Wallahi, Mama, sijagusa. Ni wao wenyewe."

Baba yake kachukua viatu vyake vya safari bila kuulizwa. Soli zilikuwa nzima. Kazishona upya zote mbili.

Juni 11

Kaondoka na gari la asubuhi. Nilimfungia shuka yake aliyolalia, bila kuifua, jambo lisilowahi kutokea nyumba hii, halafu nikaifungua tena nikaibakiza. Hakuniona. Au aliniona.

Juni 12

Hakuna.

Juni 13

Nilikuwa kambani, vibanio mdomoni, simu ikalia. Nilidhani ni habari za Chelewa. Ni mwanangu:

*Nimefika. Nimekula kidogo. Nimesimama dirishani upande wa nyumbani, halafu nimekwenda kwa wenzangu kazini.*

Nikaacha nguo za watu, nikavuka mpaka barazani kwetu nikamwonyesha Mzee. Alifuta mikono gundi, akasoma polepole, midomo inacheza. Akavua miwani, akaivaa tena, akasoma mara ya pili.

"Huyo anaendelea vizuri," akasema.

Nikarudi kuanika.